Benchi la Thirza

Enid, hebu sikia haya. Thirza kafukuzwa nyumbani kwake!

Unajua marehemu mumewe, Wilf, alivyopenda maneno ya sheria za kale. Kwenye wosia kamwachia mkewe "benchi la mjane", yaani haki ya kuishi humo ndani mpaka afe.

Wakili kasema maana hiyo ilifutwa karibu miaka mia iliyopita. Siku hizi benchi ni benchi tu.

Gareth, mtoto wa kambo wa Thirza aliyerithi nyumba, akacheka: "Basi mama, benchi lako lile pale bustanini."

Lile pale bustanini! Alisema hivyo, Enid!

Thirza akaenda kulikalia, mvua inanyesha. Dereva wa lori lililokuja kuhamisha vyombo vyake akavua koti, akamfunika.

Gareth akafungua dirisha: "Bustani ni yangu pia. Libebe benchi lako uondoke nalo."