Wimbo wa Kiporo

Roma, Machi 1974

Dada Ersilia,

Salamu zikufikie huko Buenos Aires. Sisi wazima, ila goti la Mama bado linamsumbua, na mboga za artichoki za mwaka huu chungu kama dawa.

Jumapili mume wangu alinipeleka kutazama filamu ya kutisha aliyoitilia muziki. Muuaji aliponyanyua wembe, ukaanza wimbo wangu! Ule Fausto alionitungia wakati wa uchumba, akaupiga kwenye harusi yetu. Watu wanapiga mayowe, mimi nimeduwaa.

"Fausto, wimbo wangu ndio wa kuchinjia watu?"

Akacheka. "Tajiri wa filamu bahili, mke wangu. Nimechukua kanda ya filamu ya zamani. Muziki ni kama kiporo, ukiupasha moto unanoga."

"Filamu ipi hiyo?"

"Ya mapenzi. Ya mwaka sitini na moja."

Dada, mimi nimemjua Fausto mwaka sitini na nne, wewe ulikuwa umeshahama.

Na katika kanda ile kuna mwanamke anaimba bila maneno. Nilipouliza ni nani, Fausto akasema amesahau, akawasha sigara upande wa kichungi.

Sauti iliyonibembeleza utotoni nitakosaje kuitambua? Nawe ulituapia kwamba humjui mtu yeyote wa filamu. Sijui nimkasirikie nani, wala kama kuna wa kukasirikiwa.

Sikuulizi kwa nini uliondoka, wala kwa nini hukuja harusini. Niambie moja tu: na wewe alikwambia kakutungia wewe?

Mdogo wako,
Nives