Bangili Mbili za Shaba

Baba yangu,

Shikamoo huko uliko. Nakuandikia kwa sababu naogopa, na hapa nyumbani simwoni wa kumwambia.

Unakumbuka maziwa yalivyoanza kumwagika? Wewe uliyekamua ng'ombe pale Segese bila kupoteza tone, mikono ikaanza kukuchezacheza, kibuyu kikalowa nje kuliko ndani. Nilikucheka, nawe ukacheka.

Wazee wa ukoo hawakucheka. Walisema masamva, babu zetu waliokufa, wamekuchagua uwe mganga wao. Akachinjwa mbuzi, nami nikapewa heshima ya kukuvisha bangili mbili za shaba. Nilivyojisikia fahari! Kisha tukangoja waseme wanachotaka. Tulingoja tangu kupanda pamba hadi kuivuna, macho yako yakiwa ya manjano na tumbo likijaa, nasi tukiona ni sawa tu.

Hospitalini daktari alikuambia, "Mzee, nyosha mikono, inua viganja kama unazuia ng'ombe asipite." Viganja vikaanguka, vikainuka, vikaanguka tena. Bangili zikagongana. Akakubonyeza chini ya mbavu za kulia, akakutazama macho.

"Ugonjwa hauko mikononi," akasema. "Ni ini. Likishindwa kusafisha damu, sumu inafika kichwani, na mikono inaanza kutetemeka."

"Kwa hiyo siitwi?"

"Huitwi, mzee. Umechelewa kuja."

Hukunilaumu. Ulivua bangili ukaniwekea kiganjani, ukasema, "Kabula, hizi ni zako sasa." Afadhali ungenigombeza. Hukuimaliza miezi miwili.

Tangu hapo nimezivaa. Wiki hii, Baba, nazisikia. Nikimimina chai zinagongana. Nimejifungia chumbani nikanyosha mikono kama ulivyoambiwa wewe, na sikuthubutu kutazama. Huenda ni uchovu. Huenda ni woga wenyewe unaonitetemesha. Kwenye kioo macho nayaona meupe, halafu siyaamini.

Jana mama mkwe alizisikia. Akatabasamu kwa furaha, akanishika mkono akasema, "Babako anakuita, mwanangu. Tutafute mbuzi."

Niliuvuta mkono wangu. Baba, kama ni wewe, usiniite. Mwanangu wa mwisho bado ananyonya. Bangili nimezivua, ziko sandukuni, na kesho asubuhi napanda basi la kwanza kwenda kwa daktari. Sitangoja mavuno.

Pumzika, Baba. Ila usinisubiri.

Bintiyo aliyekuvisha,
Kabula