Nyumba Isiyo na Kizingiti

Kibiti, Rufiji
Agosti 1995

Mdogo wangu mpenzi Hanifa,

Assalaam alaykum. Hali yako, na hali ya shemeji, na ya wanangu? Kikohozi cha yule mdogo kimepoa? Mpe asali na limau, na usimvue fulana asubuhi hata akilia. Watu wakiandika barua husema wao hawajambo, hofu na mashaka ni kwa walio mbali. Mimi safari hii siwezi kuandika hivyo. Ninyi huko Tanga nadhani mko salama. Hofu yote iko huku kwangu, na nimekaa nayo tangu alfajiri nikitafuta pa kuanzia.

Kanga na sabuni ulizompa dereva wa lori zimenifikia. Kanga nimezitia sandukuni, maana bado nimo edani. Eda yangu, kwa hesabu yao, inakaribia kwisha, na mjane mwingine angefurahi kutoka nje akaonana na watu. Mimi kama ingewezekana ningeomba iongezwe, kwa sababu nikitoka eda ndipo wanapotaka kunitoa na nyumbani. Nyumba ya marehemu Shaabani inauzwa.

Unakumbuka jinsi mimi na yeye tulivyozunguka Kibiti nzima, hata Bungu tukafika, kutafuta chumba. Mwenye nyumba mmoja alisema vyumba vyake vimejaa, na chumba kitupu kiko wazi nyuma ya mgongo wake. Mwingine alisema yeye hana neno na mimi, ila wapangaji wenzangu watachoka kunipisha ukumbini ninapotambaa. Tulipopata kwa huruma, masika yakaja, nikateleza chooni, mwenye nyumba akasema hataki kesi ya maiti kwake. Shaabani hakubishana naye. Biashara ilikuwa imeachiwa huru, yeye anapeleka nazi Dar, na kila alichopata akakigeuza tofali. Hakuweka kizingiti hata mlango mmoja. Makomeo yote aliyapiga usawa wa bega langu nikiwa nimekaa chini. Chooni akaweka kiti cha mbao na gongo la kushikia, na toka jikoni hadi barabarani akasakafia saruji, mikono yangu isichubuke. Watu walimcheka kwamba amejenga nyumba ya watoto. Ndani ya nyumba hii, Hanifa, sijawahi kumwomba mtu anibebe.

Sasa kaka yake, shemeji Sadala, amepata mnunuzi. Ni bwana wa kutoka Dar, anataka kujenga gesti, maana mabasi na malori ya Lindi yanasimama hapa na siku hizi kila kitu ni ruksa. Walikuja wakapima uwanja. Nilikuwa chumbani, nikamsikia yule bwana akicheka makomeo yangu na kuuliza fundi alikuwa amelewa nini. Kisha akasema haidhuru, nyumba yenyewe ataibomoa.

Sadala si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonitia hofu zaidi. Mbaya ningemshtaki. Yeye aliniambia kwa upole kabisa, nyuma ya pazia, kwamba robo yangu ya mirathi nitapewa yote, na kwamba hataniacha nikihangaika na wenye nyumba. Atanichukua mwenyewe kwake huko deltani, nile nivae, nisiguse kazi.

Wewe hujafika kwake. Nyumba imesimama juu ya magogo ya mikoko, unapanda kwa ngazi, na chini ni tope au maji kutegemea saa. Nilikaa kule msimu mmoja nikiwa bi harusi. Walinibeba mgongoni wakanipandisha, wakashuka, wakaenda na mitumbwi kwenye mpunga, wakaahidi kurudi mapema. Mto ukawa umefura, maji ya bahari nayo yakapanda, yakawa yanapita chini yangu na matawi na kuku wa watu. Magogo yakatikisika. Nilipiga kelele hata sauti ikakauka. Waliporudi walikuwa na samaki, wanacheka, wakaniuliza mbona sijabandika chungu. Nilikuwa nimejikojolea. Walinihurumia sana, wakanibadilisha nguo, na kesho yake wakaenda tena shambani wakaniacha juu. Hawakuwa na ubaya wowote. Mpaka leo nikisikia maji yakipita chini ya kitu, nashika chochote kilicho karibu, na kila nikifikiri kwamba nitazeekea juu ya ile ngazi nasukuma sahani pembeni.

Mpangaji wetu wa chumba cha mbele, Petronila, yule muuguzi wa Songea, alikwenda ofisi ya ustawi wa jamii kuniombea msaada. Akaambiwa mambo ya mirathi ni ya familia na shehe, ila wanaweza kuniandikia nikapokewe kwenye kituo cha walemavu mkoa mwingine. Alirudi amenuna. Alisema ameomba nyumba ilindwe, wao wakamtafutia mahali pa kuniweka.

Sasa nikwambie lile ambalo ndugu yangu hata mmoja halijui.

Siku ya arobaini, baada ya hitima, wazee walikaa kuzungumza mirathi. Wajua kwamba mjane huulizwa kwanza kama ana kitu tumboni, kabla mali haijaguswa. Bi Amal, jirani yetu, alifiwa na mume akiwa tayari ana wajukuu, na bado aliulizwa mara mbili. Basi nami nikakaa nyuma ya pazia nikingoja zamu yangu. Shangazi yao akina Sadala akafunua pazia. Akanitazama usoni, akashusha macho kwenye miguu yangu, akalirudisha pazia mahali pake. Nikamsikia akiwaambia wanaume waendelee. Hawakuniuliza, Hanifa. Walijua nimelala na mume wangu miaka yote hiyo, lakini halikuwapitia akilini.

Na jibu nilikuwa nalo. Nina mimba ya Shaabani. Mbili za nyuma ziliharibika, kwa hiyo hii nilimficha mpaka niwe na hakika, nikapata hakika yeye yuko kaburini. Hakujua. Nimelilia hilo kuliko nilivyokililia kifo chenyewe.

Siku ile nilinyamaza kwa hasira. Baadaye nikanyamaza kwa woga, na kila siku inayopita woga unaongezeka, maana sasa wataniuliza kwa nini nilificha, na wenye midomo watauliza ni ya nani. Mtoto anacheza. Nguo za eda ni pana na mimi nakaa chini, hakuna aliyeona isipokuwa Petronila. Nikisema, eda itaendelea na mirathi itasimama hadi nijifungue, na robo yangu itakuwa thumuni, lakini mtoto atakuwa na fungu lake humu, na nyumba ya yatima haiuzwi hivi hivi. Ijumaa Shehe Abdulkarimu anakuja na Sadala kumaliza maneno ya kuuza. Safari hii sitangoja kuulizwa. Petronila ataketi ubavuni kwangu, na mimi naomba tu sauti isinikimbie kama ile siku ya maji.

Bado kuna jambo moja, na ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Petronila amenipima, anasema nyonga zangu hazitamruhusu mtoto. Lazima nipasuliwe, na ni hospitali kubwa Dar, na niende mapema. Naogopa kisu. Naogopa kufa. Na naogopa nyumba ikae bila mtu, nirudi na kichanga mikononi nikute kufuli la mwingine.

Njoo, Hanifa. Mwombe shemeji ruhusa, mwambie dada yako hajawahi kumwomba jambo. Lala humu, pika humu, anika nguo zako uani watu wazione. Atakayekuja kwa upole mkaribishe kahawa, ila funguo usimpe. Nikirudi, utanipokea nimechoka, utanipikia uji. Akirudi mtoto peke yake, usimchukue kwenda naye Tanga. Mlee humu humu, katika nyumba ya baba yake.

Nisalimie shemeji kwa heshima, na mama mkwe wako, na wanangu uwabusu. Petronila anakusalimu. Jibu upesi, nilipate nikiwa bado hapa.

Dada yako,
Waride
Nyumbani kwake, Kibiti