Mlango Uliotoka Voi

Baba,

Nyumba yetu haina mlango leo. Mdogo wangu Mwakio ameegesha bati na kuliwekea jiwe, na baridi ya huku Mgange unaijua. Mlango wako umelala uani, nami nimekaa kando yake nikikuandikia, kwa sababu mbele ya Mama siwezi kuyasema yote.

Unajua kazi yangu kule Voi. Nawatembeza wageni katika lile jengo la zamani la reli ambalo sasa ni makumbusho: chumba kimoja cha mambo ya treni, kingine cha vyungu na mikuki ya watu wetu wa milimani. Historia yake nimeikariri. Kuta nene za mawe ili joto la Voi libaki nje. Baraza pande zote. Milango mirefu, na juu ya kila mlango mbao zilizochongwa kama miale ya jua, ili hewa moto ipate pa kutokea. Milango yote ipo, isipokuwa mmoja, wa chumba ambamo Wazungu walisubiri treni. Hapo huwaonyesha wageni picha ya zamani na kusema, "Huu uliibwa na watu wasio na haya, jengo lilipoachwa tupu." Wageni husonya. Nami husonya nao.

Baba, kumbe nilikuwa nakusonya wewe.

Jana tulitaka kuupaka rangi mlango wetu kwa ajili ya ibada ya kumbukumbu yako. Mwakio akabandua ile plaiwudi ya juu, uliyotuambia ni ya kuzuia upepo. Miale ya jua ikatokea, ile ile ya kwenye picha. Na ulituambia uliununua Mombasa! Kumbe uliukata chini ili uenee nyumba yetu fupi, na kipande kilichobaki ukamtengenezea Mama kigoda.

Nina aibu, na sijui niiweke wapi. Jeneza lako lilipitishwa mlango huo huo, huku mzee wa kanisa akikusifu kwa uaminifu. Nilimwuliza Mama. Alikuwa akijua siku zote. Aliendelea kuchambua mboga, akasema, "Babu yako aliwabebea Wazungu mizigo mpaka hapo mlangoni. Ndani hakuruhusiwa kukanyaga. Baba yako alisema huo mlango lazima mzee aupite kila siku, kama mwenyewe."

Hapo nikakumbuka. Babu alikuwa akifika kizingitini anasimama, eti anapumua. Sisi watoto tulimcheka. Wewe hukucheka hata siku moja. Ulikuwa ukimwambia, "Pita, Baba. Ni kwako."

Sasa nifanyeje na wewe? Nikikuita mwizi, ulimi unakataa. Nikinyamaza, kesho nitasimama mbele ya picha ile nidanganye watu. Mama anasema niurudishe lakini nisitaje jina lako. Kigoda amekataa kabisa kukitoa. Wakikitaka, anasema, wamchukue naye akakae makumbusho.

Nakuahidi hivi. Kesho pikapu ya kuubeba mlango ikija, nitatasa kwanza, kama ulivyokuwa ukinitasia baraka nikienda shule: nitajaza funda la maji kinywani, niyapulize chini, na hasira yangu itoke pamoja nayo. Hasira itatoka. Aibu sijui, labda nitaendelea kuishi nayo. Kisha nitaupeleka mlango, na wageni wakiniuliza ulikuwa wapi, nitawaambia ulikuwa kwetu, aliuchukua baba yangu, na nitawaambia kwa nini. Wakinifuta kazi, wanifute.

Pumzika, Baba. Msalimie Babu. Mwambie mlango wake unarudi Voi, na kwamba mimi ndiye nitakayekuwa nimesimama kando yake, nikimwambia kila anayefika kizingitini: Pita. Ni kwako.

Mwanao,
Wakesho