Chai Niliyoiacha Mezani

Mama Mugesi,

Chai nimeiacha, ila usidhani nimenuna. Nesi alisema niende kupimwa sukari kabla sijala kitu. Maziwa ya jirani yapo kwenye dumu la njano, mpelekee.

~~Mchana msinisubiri.~~ Nisubirini, nitarudi na njaa.

Jana nesi alipouliza magonjwa ya ukoo, nikasema hatuna. Ukaropoka kwamba mama yangu alikatwa mguu kwa sukari. Iliniuma. Kwetu Mugango tunasemaga alitegewa dawa akaikanyaga, na wewe unajua.

Lakini leo asubuhi nimekuta kandambili yangu ina damu. Nimechomoa msumari kisiginoni, wala sikusikia maumivu. Na hakuna aliyenitegea, mke wangu. Ni msumari wa banda la kuku ninalojenga mwenyewe.

Baba Mugesi