Mama Wambura Katikati ya Uwanja

Musoma, mtaa wa mafundi

Kwa dada yangu mpenzi Mwajuma,

Assalamu alaikum, na shikamoo dada. Mguu ulioteguka kisimani umepona? Na shemeji, kifua kimeacha kumsumbua? Sisi huku wazima, mtoto ameanza kusimama dede. Barua hii unaletewa mkononi na mchuuzi wa samaki wakavu anayekuja Kigoma kwa shughuli zake. Posta sikuitaka. Ukishasomewa, itie jikoni iungue.

Dada, hapa kulikuwa na maonyesho makubwa ya ngoma na michezo ya kuigiza. Watu walikuja kwa meli kutoka Kisumu na Uganda, wengine wakatoka Kongo, na Wazungu nao wakaleta wachezaji wao kutoka Ulaya. Kabla ya siku hiyo karani wa Boma alikuja barazani kwangu na majora ya khaki, akataka kaptula za wachezaji wa Butiama. Sawa. Kisha akasema, "Wapime na vifua."

"Kaptula na kifua vinahusiana nini?"

"Wewe pima, fundi. Mashati yatafuata."

Kitambaa cha mashati sijakiona hadi leo.

Magesa, kijana anayeongoza ngoma ya Butiama, alikuja kupimwa pamoja na mama yake. Mama yule alikaa kwenye benchi, maji niliyompa hakuyagusa, akawa anautazama utepe wangu ukizunguka kifua cha mwanawe.

"Fundi, hii nguo ni ya ngoma ama ya vita?"

"Nimeambiwa ya ngoma, mama."

"Mkubwa wake, Wambura, naye aliambiwaga hivyo. Wakati wa vita waliita vijana Bunda wacheze. Wakacheza. Halafu wakapimwa vifua, wakapandishwa lori. Wenzake wengine walirudi. Wangu hajarudi, na hakuna mtu amenijibu yuko wapi."

Ningeweza kunyamaza, maana leseni ya kibanda changu inatoka Bomani. Lakini ulimi ulikataa. Nikamwambia, "Mama, hivi vifua nimeagizwa. Sababu siijui."

Akamshika Magesa mkono wakaondoka. Baada ya hapo wachezaji walikubaliana: watakuja, ila lori la Boma hawalipandi. Wakaja kwa miguu kutoka Butiama, mama zao na dada zao wakiwa pamoja nao. Nami ndipo hofu ikaniingia. Karani akawa anapita bila kunisalimia. Jirani yangu muuza chai, ambaye hajawahi kunijali, akaniuliza mara mbili niliongea nini na yule mama.

Siku yenyewe uwanja ulifurika. Malori yaliegeshwa nyuma ya jukwaa la wakubwa, madereva wamekaa ndani tayari. Wa kwanza kucheza alikuwa mwanamke wa Kizungu, miguu mitupu, bila ngoma, kinanda tu kinalia. Anajikunja chini, anainuka, anajikunja tena. Mama mmoja wa Murangi aliyekaa karibu yangu akauliza, "Huyu amefiwa na nani?" Hakuna aliyecheka.

Wakaingia walimu wa Uganda na mchezo wa kuchekesha. Sajini mwenye kofia kubwa anaandikisha askari, anampima kifua mtu mwembamba, anamwambia avute pumzi hadi macho yanamtoka. Watu wakashika mbavu. Nikamtafuta Mama Wambura kwa macho, kumbe ameshasimama. Akaingia uwanjani taratibu na kaniki yake, akasimama mbele ya sajini.

"Wambura wangu mlimpeleka wapi?"

Yule mchezaji akawatazama wenzake. Akavua kofia. "Mama, mimi ni mwalimu tu. Sijui."

"Kila anayevaa kofia hii hajui," akasema, wala hakusogea.

Hapo Wazungu wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya mchezo, dada! Mmoja alisimama kabisa, anapiga makofi huku anacheka. Sisi wengine mikono ilikuwa mapajani.

Magesa akaingia, akamshika mama yake bega, ngoma ikaanza. Vijana walicheza wamemzunguka, na akina mama wengine wakaingia, kila mmoja karibu na mwanawe. Walipomaliza wakaondoka wote pamoja. Karani akawa anapiga kelele, "Pandeni malori, mnarudishwa kwenu!" Hakuna aliyegeuka. Malori yakaondoka matupu, na kweli yalishika njia ya Butiama. Labda yalikuwa ya kuwarudisha tu. Labda yalishika njia ile kwa sababu tulikuwa tunayatazama.

Juzi nikaitwa Bomani. Nilimuaga mke wangu kama mtu asiyerudi. Kumbe bwana mkubwa akanipa kiti, anatabasamu. Kupitia karani akasema wageni wamempenda mno yule bibi, wanataka akaigize sehemu yake tena Mwanza, na kwa kuwa ananifahamu, niende nikamwite. Nilimtazama usoni nione kama ananitega. Nikasema, "Ule haukuwa mchezo, bwana. Mwanawe kweli hajarudi." Karani akatamka maneno mawili matatu ya Kiingereza, na bwana akaendelea kutabasamu.

Nikaenda Butiama. Nilimkuta anapepeta mtama, nikamweleza yote, pamoja na yale ambayo karani aliyameza. Akaweka ungo chini.

"Huko Mwanza, yule wa kofia atakuwa na jibu?"

"Hapana, mama."

"Basi wanitafutie mwenye jibu. Huyo nitamfuata hata Ulaya."

Kesho napeleka maneno hayo Bomani. Karani simtumii tena. Nimempata mwalimu wa misheni anayejua Kiingereza, amekubali kusimama nami ayaseme kama yalivyo. Mke wangu ananuna tangu asubuhi. Niombee dua, dada, sijui watayapokeaje.

Nisalimie shemeji, na mama mdogo aliyetulea, na mwalimu wetu wa chuo kama bado anaona vizuri. Binti yako mwambie mjomba wake amemshonea gauni, mchuuzi analo.

Ni mimi mdogo wako anayekukumbuka,
Ramadhani, fundi cherehani