Baba Mkubwa Amekalia Meza

Mama,

Karakana haijafungwa. Naanza na hilo kwa sababu kule wodini uliliulizia kuliko ulivyoulizia dawa.

Tulipokwisha kukuzika, Baba Mkubwa wa Lalago, yule kaka yake Baba, alisema chumba cha karakana kipangishwe. Kuna mtu wa vifaa vya simu anakitaka. Alisema seremala mwanamke ulikuwa wewe tu, na umeshakwenda. Iliniuma, Mama, iliniuma sana. Lakini sikubishana naye. Nilisubiri kikao cha kumaliza msiba, ukoo wote uwepo.

Nilitengeneza benchi. Mbao nilichukua zile za mkokoteni uliovunjika, bawaba nikang'oa kwenye geti bovu, kikalio nikasuka kwa tyubu za baiskeli kama ulivyonifundisha. Egemeo lake ukililaza mbele linakuwa meza. Si ulikuwa ukisema kitu chenye kazi moja kinangoja kuwa kuni?

Siku ya kikao, kwa maringo yangu, nikamkaribisha Baba Mkubwa palepale. Akakaa, akaegemea, akaanza kueleza habari za mpangaji wake. Chakula kikaiva. Shangazi akatoka na sinia la ugali na sato wa Lamadi, akatafuta meza. Meza ameikalia mzee! Nani wa kumwinua? Tukatazamana, ugali unapoa. Mwisho nikapiga magoti.

"Baba, samahani, umekalia meza."

Watu walicheka mpaka Shangazi akakaribia kumwaga mchuzi. Baba Mkubwa akainuka taratibu, nikalilaza egemeo. Akalikandamiza kwa viganja, akalirudisha, akalilaza tena mwenyewe. Kisha akasema, "Wabeja, Minza, asante. Huyo wa simu atafute chumba kingine."

Nililia mbele za watu wote, wala sikuona aibu.

Kosa nimelirekebisha. Sasa benchi lina nafasi ya pembeni isiyokunjwa, mzee anabaki amekaa na meza inafunguka ubavuni mwake. La kwanza limekwenda Lalago. Kuna mwalimu wa Binza naye anataka lenye kitanda ndani, na nitaliweza.

Pumzika, Mama. Nakuahidi mlango huu nitaufungua kila asubuhi, hata zile asubuhi ninazokukumbuka mpaka randa inanishinda kushika.

Mwanao,
Minza, seremala.